Kimevunjika au Umekivunja? Maneno ya Kiingereza ya Mabadiliko na Anwani Tatu za Tafsiri

Kuna lalamiko moja lisilokosekana kila wafasiri wanapokutana, nalo ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya kueleza jinsi mambo yanavyobadilika. Kiingereza, husemwa, kina hazina: kina neno la badiliko la polepole na neno la badiliko la ghafula, la kukua na la kudidimia, la kugeuka umbo na la kugeuka tabia, sisi tuna "mabadiliko" tu, nayo tunaivisha kila mwili kama kanzu ya kuazima. Katika makala haya nakusudia kulipinga lalamiko hilo, ingawa si kwa njia ya kushindanisha wingi wa maneno. Kuorodhesha ni kazi nyepesi. Yeyote aliyekaa na wasemaji ataleta kuzorota, kudorora, kuchakaa, kuchuja, kuchacha, kuvunda, kufifia, kunyauka, kwenda kombo na kwenda mrama, na kila moja ya semi hizo ina nyumba yake: kuchacha ni kwa chakula kilicholala, kuchuja ni kwa rangi ya nguo, mrama ni kwa chombo kinachoyumba baharini. Hazina ipo. Jambo ninalotaka kulizungumzia liko kwingine, nalo ni la sarufi kabla halijawa la msamiati.

Katika Kiingereza kitenzi "break" humfaa mtoto aliyevunja kikombe, na kitenzi hicho hicho, bila kuongezwa wala kupunguzwa herufi, hukifaa kikombe chenyewe. Ndivyo ilivyo kwa "change", kwa "turn", kwa "develop", kwa "improve" na vingine vingi. Bei "changed", na mwenye duka "changed" bei. Msikilizaji huambiwa na mpangilio wa sentensi nani alitenda, na mara nyingi mno mpangilio huo humwezesha msemaji asiseme lolote juu ya mtenda. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo kwa urahisi namna hiyo. Kuna kuvunja na kuvunjika, kugeuza na kugeuka, kupindua na kupinduka, kubadilisha na kubadilika, kuendeleza na kuendelea. Kabla hujafungua kinywa umekwisha kuamua iwapo utamtaja mtenda, utamficha, au utamwachia mlango wazi kwa kauli ya kutendwa: "kimevunjwa", ambapo msikilizaji ana haki ya kuuliza, na nani?

Hakuna nyumba ya Waswahili ambayo mjadala huu haujafanyika jikoni. Mtoto huja na vipande mkononi na kusema, "Mama, kikombe kimevunjika." Naye mama hujibu, "Kimevunjika au umekivunja?" Mama huyo hajasoma mnyambuliko wa vitenzi chuoni, lakini anafahamu kwamba kauli ya kutendeka haimkani mtenda, humnyamazia tu. Vitabu vyetu vingi vya sarufi huzifundisha kauli hizi kama jedwali la viambishi la kukaririwa kwa ajili ya mtihani, na mwanafunzi hutoka akijua kwamba -ik- na -ek- hufuata irabu fulani bila kujua kwamba ameshikishwa chombo cha kuulizia lawama. Nasema hivi nikijihesabu miongoni mwa waliofundisha hivyo.

Basi mfasiri anapokutana na sentensi ya Kiingereza inayoeleza badiliko hukuta mahali pengi ambapo mwandishi wa kwanza hakulazimika kuamua, ilhali yeye analazimika. Ili kuliona tatizo hili mahali lilipo jembamba na kali, nimechagua anwani za riwaya tatu mashuhuri za Afrika Magharibi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Zote tatu ni anwani za mabadiliko: ya kwanza yasema mambo yanaachana, ya pili yasema hali fulani imekoma, ya tatu yasema jambo fulani lingali likingojewa. Sizungumzii tafsiri nzima, kwani hiyo ni kazi ya makala nyingine. Anwani ni maneno machache, lakini ndizo zilizosomwa hata na wale wasiokifungua kitabu.

Ya kwanza ni Things Fall Apart ya Chinua Achebe, iliyochapishwa London mwaka 1958. Anwani hiyo Achebe aliichukua kutoka katika shairi la W. B. Yeats. Maneno yake matatu hayana mtenda. "Things" ni neno pana kiasi cha kukosa umbo. Kiswahili kitataka kujua kama ni vitu, vinavyoshikika, au mambo, yasiyoshikika. "Fall" ni kuanguka, na anayeanguka si lazima awe amesukumwa. "Apart" ni kila kipande upande wake. Clement Ndulute alipokitafsiri kitabu hiki, kikachapishwa na East African Publishing House mwaka 1973, kilitoka kwa jina la Shujaa Okonkwo. Badiliko lote limetoweka. Mahali pa mambo pamekaa mtu, na mahali pa kitenzi pamekaa sifa.

Sina haja ya kumlaumu mfasiri peke yake, kwa kuwa anwani ni mali ya mchapishaji pia, na huenda ilionekana kwamba msomaji wa shule atavutwa na shujaa kuliko na kuvunjika. Lakini hasara yake ni kubwa. Neno shujaa, kwa msomaji wa Kiswahili, humrudisha kwa Fumo Liongo na kwa tendi. Humtayarisha kumfuata mtu mmoja hadi mwisho wa sifa zake. Achebe hakuandika utendi. Okonkwo wake ni mtu mwenye nguvu anayeendeshwa na hofu ya kufanana na babake, na mwisho wake ni kujitundika mtini, kifo ambacho kwa mila za Umuofia kinawakataza ndugu zake wasimguse. Kinachosambaratika katika kitabu si yeye tu bali kile kilichompa maana, yaani mahakama ya wazee na mizimu, shamba, ndoa, jina la ukoo. Ukiiondoa "fall apart" kwenye jalada umemwambia msomaji atazame mti mmoja, nao msitu unateketea nyuma yake.

Je, ingewezekana vingine? Nimewahi kuwapa wanafunzi maneno hayo matatu bila kuwaambia yametoka wapi, nao wakaleta "Mambo yanaharibika", "Mambo yanasambaratika", "Mambo yamekwenda mrama", na mmoja, binti wa Lamu, akaleta "Yamefumuka". Hili la mwisho lilinikalisha kitako. Kufumuka ni kwa ukili wa mkeka au mshono wa nguo. Mkeka haufumuki bila sababu: ama umevutwa na mtu, ama ushonaji wake ulikuwa na ulegevu uliongoja kuvutwa, na mara nyingi ni yote mawili. Hapo ndipo penye kiini cha riwaya. Okonkwo anapouliza kwa nini watu wake hawapigani, rafiki yake Obierika humweleza jinsi wageni walivyoukata umoja wao, na maelezo yake ni ya kutenda, yenye kisu na mwenye kisu. Lakini ni yeye yule Obierika anayejua kwamba waliomkaribisha mgeni walikuwa ndugu, na kwamba miongoni mwa wa kwanza kumfuata walikuwa wale ambao Umuofia yenyewe iliwatupa: mama za mapacha, watu wa osu, Nwoye aliyeshindwa kusahau kifo cha Ikemefuna. Umoja ulikatwa au ulikatika? Anwani ya Kiingereza hailazimiki kujibu, na hapo ndipo ulipo uzuri wake. Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayoliweka swali wazi mbele ya msomaji, nasi tukaiacha kwa ajili ya shujaa.

Kuna neno lingine la badiliko katika kurasa za mwisho za kitabu hicho hicho. Mkuu wa wilaya, akiwa njiani kurudi mahakamani, anawaza kitabu atakachokiandika, na katika anwani aliyoichagua mna neno "pacification". Nomino hii ni ustadi mkubwa wa lugha ya kiserikali. Imetokana na kitenzi chenye mtenda na mtendwa, lakini ikishakuwa nomino, wote wawili wameondoka, imebaki amani. Mfasiri ana njia tatu mbele yake. Akiandika "utulivu" ametaja hali, na amemkamilishia mkuu wa wilaya kazi yake. Akiandika "kutulia" amewafanya watu wa Umuofia watulie wenyewe kwa hiari. Akiandika "kutuliza", au "kutulizwa" pamoja na "kwa", mtu wa bunduki amerudi kwenye sentensi. Hakuna kamusi itakayomwamulia.

Nomino zetu wenyewe za mabadiliko zinastahili kutazamwa kwa jicho hilo, maana tumezoea kuzitumia kama sarafu zilizochakaa hata hatuoni sura zilizo juu yake. "Mageuko" ni ya kugeuka na "mageuzi" ni ya kugeuza. Haikuwa bahati nasibu kwamba wanaofundisha jinsi viumbe vilivyotokana na viumbe vya kale hupendelea mageuko, na kwamba waliodai vyama vingi nchini Kenya, hadi kifungu cha 2A cha katiba kilipofutwa mwaka 1991, walishika mageuzi. Walijua kwamba katiba haigeuki, hugeuzwa. Kiingereza kina "evolution" kwa la kwanza na "reform" kwa la pili, maneno mawili yasiyo na udugu, na mwanafunzi huyakariri mbalimbali. Sisi tunayo kwa tofauti ya herufi mbili za mwisho, na undugu wao huonekana.

"Maendeleo" ni kisa kirefu zaidi. Nomino hii imetokana na kuendelea, si kuendeleza. Lakini tangu enzi ya ukoloni imetumiwa kutafsiri "development", neno ambalo katika ofisi za serikali lilikuwa na maana ya kutenda: mtu fulani huwaendeleza watu fulani. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1952, jina lilisema wanawake wanaendelea, ilhali mamlaka iliyokuwa nyuma ya jambo hilo ilikuwa na nia ya kuwaendeleza, kwa mpango wake na kwa kiasi chake. Pengo baina ya jina na nia halikuonekana kwa Kiingereza, kwa sababu "develop" hulifunika. Mwaka 1968 Julius Nyerere alipoandika juu ya uhuru na maendeleo, alishikilia kwamba watu hawawezi kuendelezwa, hujiendeleza wenyewe. Kwa Kiingereza hoja hiyo hulazimika kutumia kitenzi kimoja mara mbili kwa kukigeuza huku na huku. Kwa Kiswahili hoja nzima imo katika viambishi: si -endelezwa, bali -jiendeleza. Ni mara chache falsafa ya siasa hukaa katika nafasi ndogo namna hiyo.

Isidhaniwe kwamba haya ni ya riwaya na falsafa pekee. Si muda mrefu uliopita niliombwa na ofisi moja niihakiki tafsiri ya tangazo lake. Kiingereza kilisema kwamba ada "have changed". Kiswahili kilisema "Ada zimebadilika". Ada zilikuwa zimepanda karibu maradufu, na waliozipandisha walikuwa wameketi chumba cha pili. Nikapendekeza "Tumepandisha ada". Nikaambiwa kwa upole kwamba lugha hiyo ni kali. Ukali wake ulikuwa wapi? Kupandisha si tusi. Tofauti pekee ilikuwa kwamba sentensi yangu ilikuwa na watu ndani yake, na watu huweza kuulizwa. Tangazo lilibandikwa kama lilivyokuwa, nao wananchi wakalisoma wakitikisa vichwa kama watu wasomao habari za mvua.

Lazima niseme pia, kwa haki, kwamba Kiingereza hutushinda mahali pengine. "Mapinduzi" yetu, ya kupindua, yanabeba mizigo miwili. Tunasema Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 na tunasema mapinduzi ya askari wachache walioteka kituo cha redio alfajiri. Kiingereza hutenganisha "revolution" na "coup". Mfasiri wa habari za Ghana ya Februari 1966, Nkrumah alipoondolewa na wanajeshi na polisi, hana budi kuongeza "ya kijeshi" na kutumaini kwamba msomaji hatasikia mwangwi wa Unguja. Mtenda yumo katika neno letu, lakini hatujui kama ni umma au ni kikosi.

Anwani ya pili ni No Longer at Ease ya Achebe, ya mwaka 1960, ambayo kwa Kiswahili ni Hamkani si Shwari Tena. Hapa hali ni kinyume cha ile ya kwanza: mfasiri hakukimbia badiliko, bali alilitafutia usemi uliokwisha kukomaa vinywani mwa watu. "No longer" ni njia ya Kiingereza ya kusema kwamba hali fulani ilikuwapo na imekoma, na "si ... tena" inaibeba bila taabu. Hamkani ni msukosuko, na shwari ni utulivu wa bahari. Sikio la mtu wa pwani hulipokea jina hili mara moja, nami ni shabiki wake.

Hata hivyo shwari ni ya bahari, nayo "ease" ni ya moyo. Katika shairi la T. S. Eliot ambamo Achebe alilikuta fungu hili, wasemaji ni watu waliosafiri, wakaona jambo, wakarudi kwao wakakuta hawastareheki tena miongoni mwa watu wao. Kilichobadilika si nchi yao, ni wao. Ndivyo alivyo Obi Okonkwo, mjukuu wa yule Okonkwo, aliyesomeshwa Uingereza kwa mkopo wa watu wa kijiji chake na aliyerudi kufanya kazi ya serikali Lagos, akaanza kwa kuichukia rushwa na akaishia kizimbani kwa kuipokea. Jina la chama kilichomkopesha lina neno la Kiingereza la badiliko ndani yake: Umuofia Progressive Union, nasi tungesema chama cha maendeleo. Chama hicho chaendelea mbele katika elimu na katika vyeo vya serikali, lakini Obi anapotaka kumwoa Clara, ambaye ni osu, rais wake ni miongoni mwa wanaomrudisha nyuma. Mbele ni upande upi? "Progressive" haisemi, kama isivyosema "maendeleo".

Anwani ya Kiswahili, kwa kuleta dhoruba, imeitoa taabu ya Obi nje ya kifua chake na kuiweka hewani. Dhoruba humpiga kila aliye chomboni, na hakuna anayeulizwa kwa nini imevuma. Hakimu wa kesi ya Obi hakushangaa hivyo. Alishangaa jinsi kijana mwenye elimu na matumaini kama yake alivyoweza kufanya alilolifanya. Ningependa kuiacha anwani hiyo kama ilivyo, kwa kuwa ni nzuri, lakini mwalimu anayeisomesha na awaambie wanafunzi kwamba upepo huu una mtu ndani yake.

Ya tatu ni The Beautyful Ones Are Not Yet Born ya Ayi Kwei Armah, ya mwaka 1968, iliyotafsiriwa na Abdilatif Abdalla kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Kiingereza chatumia maneno saba. Kiswahili mawili. "Not yet" imeingia tumboni mwa kitenzi: -ja-. Hii si -ku- ya "hawakuzaliwa", inayofunga mlango, wala si "hawatazaliwa", inayoufunga kwa kufuli. Lugha yetu ina kiambishi kizima kwa ajili ya jambo lisilotokea ambalo bado linatazamiwa, na mfasiri amekiweka mahali kinapoonekana.

Kuna hila nyingine ambayo sijui ilikusudiwa au ilijileta yenyewe. Msomaji akikutana na "Wema" peke yake huisoma kama nomino ya dhana: wema, uzuri wa tabia. Kisha kitenzi kinafika, nacho si "haujazaliwa" bali "hawajazaliwa", na kwa upatanisho huo wema wa dhana unageuka kuwa watu. Kiingereza hakina njia ya kufanya hivi. Kwa upande wa pili, kosa la tahajia katika "Beautyful" limepotea, na ni hasara, kwa kuwa Armah amelitoa mgongoni mwa basi, ambako maneno hayo yamechorwa kando ya ua. Sisi tunaosafiri barabara za Nairobi na Mombasa tunayajua maandishi ya namna hiyo. Uzuri nao umegeuka wema, na nadhani hilo lilikuwa sahihi, maana "Wazuri Hawajazaliwa" ingefikisha kichekesho cha warembo.

Abdilatif Abdalla alikuwa na sababu zake za kulipima kwa mizani neno linalohusu mwendo wa nchi. Alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya kijikaratasi cha mwaka 1968 kilichoitwa Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Swali la kijikaratasi kile linatokana na -enda, shina lile lile la maendeleo.

Na kuna jambo katika "hawajazaliwa" ambalo Kiingereza "born" hakilisikii tena. Mzungumzaji wa Kiingereza akisema "born" hamfikirii mama; kitenzi kimekuwa kama sifa. Kuzaliwa bado ni kauli ya kutendwa ya kuzaa, na aliyezaliwa amezaliwa na mtu. Mwishoni mwa riwaya ya Armah wanajeshi wamekwisha kutwaa serikali, waziri wa zamani ametoroka kwa kupenya katika tundu la choo, na dereva wa basi lile lenye maandishi ampa polisi kitu kidogo kizuizini ili apite. Yule mtu asiye na jina analitazama basi likienda. Msomaji wa Kiingereza huachwa na ua na maandishi. Msomaji wa Kiswahili ana hayo, na juu yake ana kitenzi ambacho bado kinadai kiunganishi chake: hawajazaliwa na nani?